Mapambo ya vuli na watoto: trei za mayai, makopo au chupa za plastiki?

Bundi_Mchana: Wadau, habarini. Halloween, ile sikukuu ya popo na maboga yenye sura za kutisha, ni tarehe 31 Oktoba, na kwa walioko Marekani, Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya mlo wa bata mzinga, inafuata Alhamisi ya nne ya Novemba. Sitaki kununua mapambo wakati stoo imejaa trei za mayai, makopo na chupa za soda. Wangu mmoja ana miaka minne, mwingine tisa. Kipi kinafaa? Nataka kazi waifanye wao, siyo mimi nikate halafu wao wanitazame.

MamaMkasi: Trei za mayai. Kata vikombe vitatu vilivyoshikana kwenye mstari mmoja. Cha katikati ndicho kiwiliwili. Vya pembeni vipunguze upande wa chini kwa kupinda, viwe mabawa. Paka nyeusi, toboa, ning'iniza kwa uzi, umepata popo. Mkubwa anakata, mdogo anapaka. Ila trei inafyonza rangi, mpako wa kwanza utatoka na mabaka. Ukauke kwanza ndipo mrudie, maana ikilowa sana inalegea.

FundiKopo: Popo ni sawa, lakini kesho yake wameshapondwa. Kopo linadumu miaka. Lijaze maji ukiacha nafasi juu, kwa sababu maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9, kisha liache kwenye friza usiku kucha. Ile barafu ndiyo inayozuia kopo lisibonyee mnapotoboa kwa msumari na nyundo. Chora sura ya boga kwa nukta kwenye karatasi, ibandike, mfuate nukta. Barafu ikiyeyuka, kausha na uweke taa ndani. Usiku hakuna kinacholishinda.

MamaMkasi: Mkuu, mtoto wa miaka minne na nyundo? Na ule mdomo wa kopo je?

FundiKopo: Huyo achore nukta, nyundo ni ya kaka mtu, tena ukiwa umesimama pembeni. Mdomo unabanwa kwa koleo kuzunguka pote, halafu unafunikwa kwa kitambaa. Na mshumaa uwe wa betri, si wa moto.

Shangazi_Gundi: Chupa mmezikwepa, na mna haki. Kitako cha chupa ya soda kina vifundo vitano, kwa hiyo vitako viwili vikishikanishwa vinatoa boga zuri ajabu. Lakini chupa inakimbia chini ya mkasi na ukingo wake unakata, hivyo kazi yote inakurudia wewe. Rangi za maji nazo zinateleza juu ya plastiki. Tone la sabuni ya vyombo linasaidia kidogo, ila ikikauka ukucha unaibandua. Rangi ya akriliki inashika, tena hadi kwenye nguo.

Kwa umri huo ningechukua magazeti na puto. Gundi ni unga wa ngano kikombe kimoja kwa vikombe viwili vya maji, mnachovya humo vipande vya gazeti na kuvibandika juu ya puto. Kabla ya kubandika, zungushia puto uzi kutoka juu hadi chini mara kadhaa, ukaze kidogo, ndipo migawanyo ya boga ionekane. Tabaka tatu zinatosha, kila moja ikauke kabla ya nyingine, la sivyo ndani kunaota kuvu. Mdogo atafurahia kuchovya mikono kuliko yote yaliyotajwa hapa. Puto likishapasuliwa, okota vipande vyote, maana mtoto anaweza kukabwa navyo.

BabaMapacha: Thanksgiving msiisahau. Lile bomba la karatasi linalobaki tishu ikiisha ni kiwiliwili cha bata mzinga, mkia ni majani yaliyopukutika. Yabaneni kwenye kitabu kizito kwa wiki hivi, yakikaukia nje yanajikunja. Bomba hilohilo ukibonyeza ukingo wa juu kwa ndani, mbele na nyuma, zinabaki ncha mbili za masikio, unapata bundi. Zile chenga za kumetameta msiguse. Ni plastiki, zinaganda kila mahali, na karatasi yenye hizo haifai tena kurejelezwa.

Bundi_Mchana: Basi popo Jumamosi, makopo yako friza tayari. Chupa naziacha. Boga la magazeti tunalianza mapema kwa ajili ya kukauka. Shangazi, puto nilijaze kiasi gani?

Shangazi_Gundi: Lisikaze, mwanangu. Likijaa sana linachongoka kama yai. Ukubwa wa kichwa cha mtoto unatosha, na liweke juu ya bakuli mnapobandika lisitoroke.