Mitufaha: nani amewahi kupogoa msimu usio wake? Tupeane uzoefu

Mkulima wa Muko
Leo asubuhi nimemkuta jirani juu ya ngazi anapogoa mitufaha, mvua ya Aprili inamnyeshea mgongoni. Nikakumbuka yangu. Nilikuwa na miti 40, aina ya Anna na Golden Dorset, ina miaka minne. Kijana mmoja akanionyesha video ya Mwingereza anayesema pogoa wakati wa baridi, mti ukiwa umelala. Mimi nikaingia shambani katikati ya Machi, mvua zimeshafunguka. Sikufikiri kwamba mti wake umepukutisha majani kwa baridi, wangu hapa Kigezi, Uganda, una majani mwaka mzima, utalala saa ngapi? Nikakata, tena kwa panga. Vidonda havikukauka. Ukungu ukaingia, gome likapasuka na kuoza, matawi yakafa kuanzia nchani. Kufika Agosti nilishang'oa 11. Mke wangu alikaa siku mbili hanisemeshi, maana ile ilikuwa hela ya mabati. Wenzangu mlipona?

Nyabo wa Kisoro
Pole sana sebo. Mimi pia, ila yangu ilikuwa Oktoba.

Chipukizi wa Kapchorwa
Panga kwenye mtufaha? Usisingizie msimu, mzee. Mkasi, na msumeno kwa tawi nene.

Mkulima wa Muko
Nilikuwa nimetoka kulipa karo. Wewe mkasi wako ulinunua?

Chipukizi wa Kapchorwa
Wa mjomba. Lakini ulikuwepo!

Mama Mapacha
Mnagombania mkasi, mimi nilipogolewa na mbuzi. Ilikuwa Januari, jua kali, nimeenda msibani. Narudi jioni nakuta kamba imekatika, mbuzi saba wako ndani, miti sita haina hata jani moja. Nililia mpaka watoto wakaogopa. Mama mkwe akasema kata zote, panda viazi. Nikawa nachelewachelewa tu. Wiki chache baadaye naenda kuchuma mboga ya dodo, nakuta matumba! Maua mti mzima, wakati miaka mitatu ulikuwa unanipa majani tu. Bwana shamba akacheka, akasema huku kwetu hakuna baridi ya kupukutisha majani mti ulale kisha uamke, ndiyo maana watu hunyonyoa majani kwa mkono baada ya mavuno. Mbuzi wamefanya kazi hiyo.

Nyabo wa Kisoro
😂😂 Hao mbuzi wanakodishwa?

Fundi Miche
Jamani msiige. Mbuzi akimaliza majani anahamia kwenye gome, na mti ukichunwa gome pande zote umekufa. Nyonyoeni kwa mkono, Januari au Julai, pogoeni hapohapo kukiwa kukavu. Mvua zikija macho ya matawi yanafunguka. Tawi linalosimama wima lifunge kamba ulilaze kidogo, ndilo linazaa.

Mzee Kahawa
Julai mapema mno, mti utaona kiu. Mimi husubiri wiki mbili kabla ya mvua, kidonda napaka majivu na kinyesi cha ng'ombe.

Fundi Miche
Kinyesi kwenye kidonda, mzee wangu?

Mzee Kahawa
Babu yangu alipaka.

Chipukizi wa Kapchorwa
Babu yako alikuwa na mitufaha?

Mama Mapacha
Nyabo, wale mbuzi saba nimebaki nao watano, Krismasi ilipita.

Mkulima wa Muko
Nimerudi kwa jirani. Ameshashuka. Anasema si kwa ushauri wangu, ngazi iliteleza.