Naomba ushauri: mdogo wangu amerudia bangi, na dalili zimeanza tena

Habari za jioni ndugu zangu. Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 24, naishi naye hapa Mbeya. Mwaka jana alichanganyikiwa: akawa anasikia sauti, akaziba madirisha yote kwa magazeti akidai majirani wanamchungulia. Alilazwa wiki tano, akatoka na olanzapini (dawa ya ugonjwa wa akili) miligramu 10 kila usiku. Akatulia kabisa, hata gereji akarudi.

Miezi miwili sasa amerudia bangi. Anasema bila hiyo hapati usingizi. Dawa anameza mbele yangu, lakini juzi nimekuta magazeti dirishani tena.

Nimeongea naye kwa upole, mama amemfokea, mjomba katishia kumfukuza. Ndiyo kwanza anavuta kwa kujificha. Daktari alishatuambia bangi hurudisha ugonjwa, na moshi wenyewe hupunguza olanzapini mwilini. Tarehe ya kliniki bado wiki tatu.

Mliouguza mgonjwa kama huyu: nisubiri tarehe au nimpeleke kesho? Na mliofanikiwa kumwachisha ndugu yenu bila ugomvi, mlianzia wapi?