Kuvuka Jangwa la Chalbi mwezi wa Desemba: je, gari letu litamudu?

Msafiri wa Thika

Ndugu wasafiri, naomba ushauri wa wale wanaoifahamu vyema kaskazini ya Kenya. Mimi, mume wangu, mama mkwe na watoto wetu wawili tunakusudia kusafiri wakati wa likizo ya Desemba kutoka Thika hadi Ziwa Turkana. Njia tuliyoichagua inapitia Isiolo hadi Marsabit, inateremka Maikona na Kalacha, inavuka Jangwa la Chalbi hadi North Horr na kuishia Loiyangalani. Wakati wa kurudi tungepitia Laisamis. Gari letu linaendeshwa na magurudumu yote manne, lakini ni dogo na halikuinuka sana kutoka ardhini. Ninafahamu kwamba lami inafika Marsabit na kuendelea hadi Moyale, kwa hiyo swali langu linahusu kile kipande kinachofuata baada ya kuiacha lami. Je, gari la namna hiyo litafika? Shemeji yangu anashikilia kwamba huko ni jangwa, hakuna mvua, na kwamba hatuna la kuhofia ila joto.

Dereva Mstaafu, Isiolo

Dada, shemeji yako ameshika nusu ya ukweli, na nusu aliyoiacha ndiyo inayozamisha magari. Ni kweli kwamba Chalbi yenyewe hupata mvua kidogo mno, lakini uwanda ule ni sakafu ya ziwa la kale, nao umezungukwa na miinuko: Mlima Marsabit upande wa kusini mashariki, Milima ya Huri upande wa kaskazini na Mlima Kulal upande wa kusini magharibi. Mvua za vuli zikinyesha huko juu, maji huteremka na kutandaa uwandani, na kwa kuwa hayana pa kutokea, hubaki pale mpaka jua liyakaushe. Juu huonekana ukoko mweupe wa chumvi, mgumu na wa kuvutia, hata dereva mgeni akadhani amepata uwanja wa ndege. Chini ya ukoko huo tope huweza kukaa kwa majuma kadhaa baada ya mvua kukatika. Gari hukimbia vizuri kwa muda, kisha ukoko hupasuka na magurudumu huzama hadi kwenye ekseli, mahali ambapo hakuna mti wala jiwe la kufungia kamba.

Kwa sababu hiyo, usiulize kama mvua imenyesha Chalbi. Uliza kama malori yanayopeleka bidhaa North Horr yanakata katikati ya uwanda au yanazunguka pembeni. Madereva wa malori hayo utawapata mjini Marsabit, nao hawana sababu ya kukudanganya, maana lori likizama ni hasara yao. Wakikwambia wanazunguka, hakuna gari dogo litakalopita katikati. Vilevile pitia kituo cha polisi cha Marsabit uulize kuhusu usalama, kwa kuwa hali katika eneo hilo hubadilika, na habari za mwezi uliopita hazitoshi.

Kuhusu gari, ninahofia mawe kuliko mchanga. Kabla ya kuliona jangwa lenyewe mtapita katika mawe meusi ya volkano, ambayo hukata tairi ubavuni, mahali ambapo kiraka hakishiki. Gari lililo chini litagonga sampu ya oili, na oili ikimwagika safari imekwisha. Ningekuwa mimi, nisingelipeleka gari hilo, na hata lile refu nisingelipeleka peke yake bila gari la pili.

Mzaliwa wa Maikona

Ninamuunga mkono mzee hapo juu, ila ningependa kuongeza jambo kuhusu mwelekezi, kwa sababu watu wengi huja na simu yenye ramani wakadhani inatosha. Uwandani hakuna barabara moja. Kuna nyayo nyingi za magari zinazotawanyika na kukutana tena, baadhi yake zikiwa za kiangazi kilichopita na zikielekea mahali ambapo sasa pana tope. Inapokaribia saa sita mchana mazigazi huinuka kila upande, vilima huonekana kama vinaelea juu ya maji, na mtu asiyeyazoea mazingira hayo hupoteza mwelekeo huku macho yake yakiwa wazi. Mchukueni kijana wa Kigabra kutoka Maikona au Kalacha, mpatane malipo kabla ya kuondoka, na muanze safari alfajiri ili mama mkwe asikutwe na jua la mchana katikati ya uwanda.

Maji ya kunywa yahesabuni kwa siku ya kukwama, wala si kwa siku ya kufika. Kalacha pana chemchemi na mikoma, na ngamia hunyweshwa hapo, lakini maji yake yana chumvi ambayo matumbo ya wageni hayaipendi. Tena, mkikuta watu kisimani, salimieni kwanza na muombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Pale ni mahali pa kazi, na zamu ya kunywesha mifugo ina utaratibu wake.

Msafiri wa Thika

Nawashukuru sana. Mume wangu amesoma majibu yenu na sasa anauliza: tukiiacha Chalbi, je, tunaweza kufika Loiyangalani kwa gari letu wenyewe kwa kwenda na kurudi kupitia Laisamis?

Fundi wa Magari, Nanyuki

Mume wako anauliza vizuri. Barabara ya kutoka Laisamis hadi Sarima, yenye urefu wa kilomita 208, ilitengenezwa upya ili kupitisha vifaa vya mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Ni ya changarawe na ina mitikisiko, lakini gari dogo lenye springi nzima hupita kunapokuwa kukavu. Baada ya Sarima, kuelekea ziwani, mawe huongezeka, kwa hiyo kipande hicho kiendeni polepole mno, mkiwa na tairi mbili za akiba na kinga ya chuma chini ya injini. Mito ya msimu inayokatiza njia msiivuke ikiwa inatiririka. Subirini, maana maji hayo hupungua upesi.

Kama watoto watasikitika kuikosa Chalbi, liacheni gari lenu Marsabit na mkodi Land Cruiser pamoja na dereva wake hadi Kalacha, mlale huko na kurudi kesho yake. Gharama yake si ndogo, lakini ukiilinganisha na injini mpya utaona nafuu. Jambo jingine ni upepo wa Loiyangalani, ambao huteremka kutoka Kulal kwa nguvu, hasa usiku. Hema la kawaida la kambi halitastahimili likisimamishwa mahali wazi, kwa hiyo tafuteni vyumba, au lifungeni hema kwa mawe upande wa mitende uliokingwa. Na watoto wasiogelee ziwani, kwa kuwa lina mamba wengi.