Sifa za mwenyekiti wa idara ya mawasiliano

Mhadhiri, Kisauni:
Ndugu zangu, chuo chetu hapa Mombasa kinatafuta mwenyekiti wa idara ya mawasiliano, nami nimo katika kamati ya uteuzi. Je, tumpe uzito zaidi msomi mwenye machapisho mengi, au yule aliyewahi kuongoza chumba cha habari?

Mhariri mstaafu, Likoni:
Shahada ya uzamivu haina mjadala; lakini, mwalimu wangu, mwanafunzi atakayetangaza redioni hafundishwi na orodha ya makala peke yake. Waulizeni waombaji wangegawaje bajeti ndogo baina ya studio, kamera na vitabu, kisha kila mmoja atoe mhadhara wa wazi mbele ya wanafunzi, maana hapo ndipo anayejua kusikiliza hujitenga na anayejua kusema tu.

Msajili msaidizi, Nyali:
Naafiki, ingawa hapa pwani chumvi huwahi kuila mitambo kabla bajeti haijafika. Kwa chuo cha umma, kumbukeni kwamba matakwa ya Sura ya Sita ya Katiba ya Kenya ya 2010, inayohusu uongozi na uadilifu, huthibitishwa kwa hati za polisi, KRA (mamlaka ya kodi), HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi) na EACC (tume ya maadili na kupambana na ufisadi). Nimewahi kuona mwombaji bora akiikosa nafasi kwa sababu cheti kimoja kilichelewa.

Mhadhiri, Kisauni:
Ahsanteni. Swali la bajeti nimelichukua.