Mjadala: Uzazi "bure" au tuchangie tupewe risiti?

Fundi Mwanga
Wakuu, habari za jioni. Mke wangu kajifungua wiki mbili zilizopita. Mtoto wa kiume, kilo 3.2, wote wazima, namshukuru Mungu. Ila kuna jambo limenikaa kooni.

Sera ya hapa Tanzania inasema mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano hawalipi. Bango lipo ukutani, hospitali ya wilaya, herufi kubwa. Nimelisoma huku mkononi nina karatasi ya kliniki: glovu, makintoshi mita mbili, pamba, nyembe, kibanio cha kitovu, dripu mbili, sindano ya kuzuia damu, beseni, doti mbili za khanga. Duka la dawa lililo mkabala na geti wanaijua orodha hiyo kama Baba Yetu. Ukisema tu "za kujifungulia", wanakufungashia. Zilinitoka elfu hamsini na kitu. Hospitali haikunichukua hata senti, kwa hiyo kwenye vitabu vya serikali mke wangu kazaa bure.

Pendekezo langu: kila mama achangie 20,000 pale pale dirishani, apewe risiti ya serikali, na vifaa avikute mezani. Asiye na uwezo ustawi wa jamii wamwandikie msamaha. Mnaonaje?

NB: Kliniki nilikwenda mara moja tu, ile siku ya kupima VVU wote wawili, kwa hiyo kama kuna kitu walielezwa akina mama huko, nirekebisheni.

Mama Mapacha
Mara moja. Mimba miezi tisa, baba kaenda kliniki mara moja, halafu leo anatuletea pendekezo la sera ya uzazi. Hongera kwa mtoto lakini.

Mchokozi wa Temeke
Hahaha, fundi umejichongea mwenyewe. Hiyo NB ungeiacha.

Takwimu Hazidanganyi
Mnapenda kulalamika. Utafiti wa 2015/16 ulionyesha vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Wa 2022 ukaonyesha 104. Wanaojifungulia kwenye vituo walikuwa asilimia 63, wakafika 81. Vituo vya afya vimejengewa vyumba vya upasuaji huko ambako zamani mama akihitaji kisu ilikuwa safari ya siku nzima. Hadi tuzo ya taasisi ya Gates kwa Rais Samia ililetwa Dar, Februari 2025. Wewe unalilia glovu.

Kisiki cha Mpingo
Tuzo haivaliwi mkononi wakati wa kuzalisha. Na hizo namba zako umechagua mbili. Anza nyuma: 578 mwaka 2004/05, ikashuka 454 mwaka 2010, ikapanda 556, halafu ghafla 104. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 kwa nchi hii hii yalisema 238. Tushike ipi?

Takwimu Hazidanganyi
Ni njia mbili tofauti za kuhesabu, kaka. Huu wa kwetu wanawake wanaulizwa kuhusu ndugu zao waliozaliwa nao tumbo moja: nani yu hai, nani kafa, alikuwa mjamzito au la. Wale wengine wanachanganya vyanzo kwa hesabu zao za kompyuta. Hata hivyo zote mbili ukizitazama kwa miaka ishirini zinashuka.

Kisiki cha Mpingo
Kwa hiyo jina lako ulibadilishe. Takwimu Hazidanganyi Ila Zinatofautiana.

Mkunga Mstaafu
Wanangu, nimekaa leba miaka 31, zahanati mbili na kituo cha afya kimoja, mkoa wa Tabora. Nieleze kidogo, maana naona mnawasema manesi kabla hamjaanza.

Uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoingia miaka ya tisini, wajawazito na watoto wadogo walisamehewa. Vizuri sana. Ila hakuna aliyesema kwa uwazi msamaha huo unalipwa na nani. Kituo kinapata dawa Bohari ya Dawa ya serikali kwa fungu lake, fungu likiisha kinanunua kwa papo kwa papo, yaani hela ya mgonjwa mwingine, mwenye malaria, mwenye jino. Mama anayejifungua haingizi kitu. Sasa fikirini: kituo chenye sifa nzuri, akina mama wanakikimbilia, ndicho glovu zinaisha tarehe 12. Kile kibovu kisicho na mtu, stoo imejaa. Ulipokuja ule mpango wa malipo kwa ufanisi, kituo kikawa kinapata chochote kwa kila mama anayejifungulia pale, na kwetu kwa muda ule karatasi ya orodha ilipotea ukutani. Baadaye ikarudi.

Elfu ishirini yako sitaki, mwanangu. Mama wa kijijini akisikia dirishani kuna hela, hatoki nyumbani. Nilikuwa nawapokea saa nane usiku, kaletwa na baiskeli, mkono wa mtoto umeshatangulia. Ukimwuliza kwa nini hamkuja mapema, mama mkwe anajibu: tulikuwa tunatafuta hela. Na barua ya ustawi wa jamii ataandika nani saa nane usiku? Kuna vijiji vilishatunga na faini ya kuzalia nyumbani, mama anakimbia hela ya hospitali anakutana na hela ya mtendaji.

Fundi Mwanga
Shikamoo mama. Nimekuelewa, lakini hela tunatoa tayari! Tofauti ni kwamba sasa hivi inaingia dukani.

Mkunga Mstaafu
Marahaba. Dukani unanunua ukiwa na nafasi, kidogo kidogo, leo pamba, mwezi ujao makintoshi. Dirishani ni siku ile ile.

Dereva wa Nzega
Mimi nimo kwenye m-mama, zile gari za dharura. Mnajua inavyokwenda: zahanati ikishindwa wanapiga 115 bure, tunapigiwa sisi tulio karibu, unambeba mama hadi hospitali, malipo yanaingia kwenye simu. Mpango ulianzia kanda ya ziwa huko, Shinyanga na Sengerema, sasa upo nchi nzima. Mzuri, sina neno.

Ila kuna usiku nilimfikisha mama, damu inatoka, hospitali siitaji, wakasema dripu hakuna, ndugu wakanunue. Ndugu mwenyewe ni binti wa miaka kumi na minne kashika beseni. Nikageuza gari nikanunua mimi. Safari ya kilomita 60 imelipiwa, dripu ya mita mia tatu haijalipiwa.

Mchokozi wa Temeke
Hii imeniuma. Mama alipona?

Dereva wa Nzega
Alipona. Mtoto wamemwita jina langu, mke wangu ananinunia hadi leo.

Mwalimu wa Kaya
Turudi kwa Mama Mapacha, maana kamshambulia fundi bila haki. Mimi nilimsindikiza mke wangu kliniki. Benchi moja, akina mama arobaini, kiti changu hakuna. Nesi ananiuliza "baba unatafuta nini?" mbele ya watu. Nikakaa kuanzia saa mbili hadi saa saba. Wanaume tunasemwa hatuendi, tukienda tunasimama kama nguzo ya umeme.

Mama Mapacha
Saa mbili hadi saa saba. Sisi wenye mapacha tumboni tulikaa hapo hapo, mara nyingi zaidi, na hakuna aliyetuandikia, mwalimu. Pole kwa miguu.

Mwalimu wa Kaya
Sijasema ninyi hamchoki. Nimesema mazingira hayatuhitaji.

Mama Mapacha
Yanawahitaji mno! Ukifika na mume unapita mbele ya foleni. Mimi wangu alikuwa mgodini, nikawa naona wa saa nne anahudumiwa kabla yangu niliyefika alfajiri, kisa kaja na suruali.

Boda Kaliua
Hapo kwenye suruali naomba niseme ukweli. Mimi mwaka huu nimekuwa mume mara tatu na sijaoa.

Mchokozi wa Temeke
Fafanua haraka.

Boda Kaliua
Dada anakuja kijiweni, anasema kaka nisindikize kliniki, hawanipokei peke yangu. Nauli kama kawaida, juu yake elfu tano na soda. Naingia, nataja jina la mume, tunahudumiwa, natoka. Mara ya tatu nesi kaniangalia sana, akasema "wewe baba una wake wangapi?" Sijarudi tena kituo kile.

Mkunga Mstaafu
Ngoja kwanza, mwanangu. Ulipimwa damu?

Boda Kaliua
Kidole tu, mama.

Mkunga Mstaafu
Kidole tu! Majibu yako yameandikwa kwenye kadi ya mama wa watu kama majibu ya mumewe. Wewe ukiwa salama, yeye anaambiwa mume wako yuko salama, kumbe mume wa kweli yuko mgodini Geita hajapimwa tangu azaliwe. Ananyonyesha akijua nyumba iko safi. Kwa soda!

Boda Kaliua
Sikulifikiria hilo mama. Kweli kabisa sikulifikiria.

Shangazi wa Tanga
Msimlaumu kijana, mlaumuni aliyesema mwanamke bila mume asihudumiwe. Mpwa wangu alipewa mimba na mtu akakana. Kliniki wakamwambia alete mwenzi au barua ya serikali ya mtaa kueleza mwenzi hayupo. Kaenda, kapewa barua, kaambiwa muhuri elfu tano. Mtoto wa miaka kumi na tisa anamweleza mwenyekiti, mwanaume wa rika la baba yake, habari za mimba yake, halafu analipa. Mimi nilikwenda mwenyewe siku ya pili. Sitaeleza niliyoyasema.

Mchokozi wa Temeke
Fundi, ongeza kwenye orodha yako: muhuri 5,000, mume wa kukodi 5,000, soda moja.

Mwalimu wa Kaya
Lengo la utaratibu lilikuwa zuri. Bila kulazimishwa hao wa Geita hawatapimwa kamwe.

Shangazi wa Tanga
Aliyelazimishwa ni nani hapo? Wa Geita yuko Geita. Aliyerudishwa nyumbani ni mpwa wangu. Baba akitaka kupimwa zahanati ipo wazi mwaka mzima.

Mwalimu wa Kaya
Dada, punguza ukali. Hatujafika hapa kugombana.

Shangazi wa Tanga
Mimi si dada yako, nina wajukuu wanne. Na wewe umeandika habari za benchi, mpwa wangu hujamtaja hata mara moja.

Jirani wa Bungoma
Poleni majirani. Huku Kenya tulipata uzazi wa bure Juni 2013, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza, baadaye ukaitwa Linda Mama. Uzuri wake, serikali ilikuwa inakilipa kituo kwa kila mama: zahanati shilingi 2,500, hospitali ya kaunti 5,000. Kama alivyosema mkunga, pesa inamfuata mama. Shida, zilikuwa zinachelewa hadi hospitali zinakopa. Tangu Oktoba 2024 NHIF, bima yetu ya zamani ya taifa, imekufa, sasa ni mamlaka mpya ya bima, SHA: lazima ujisajili, na asiye na mshahara alipe ya mwaka mzima kwa mpigo, si chini ya 300 kwa mwezi. Kuna akina mama wanafika leba ndipo wanaanza kujisajili kwa simu huku uchungu umeshika.

Na bure peke yake haitoshi. Hapa kwetu Bungoma mama alijifungulia sakafuni hospitalini mwaka ule ule wa 2013, na akapigwa juu yake. Mahakama Kuu ilimpa fidia ya milioni 2.5 mwaka 2018.

Kisiki cha Mpingo
Jirani, swali lilikuwa la Tanzania.

Jirani wa Bungoma
Swali lenu lilishahamia kwa bodaboda, nikadhani mlango uko wazi.

Takwimu Hazidanganyi
Jirani kagusa penyewe. Jawabu ni bima. Tulikuwa na Toto Afya Kadi, bima ya watoto, 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, mkaiua wenyewe. Mzazi anasubiri mtoto augue ndipo anakimbilia kumkatia. Mfuko wa bima ya afya ukaisimamisha Machi 2023. Walipoirudisha ikaja na masharti.

Mama Mapacha
"Mkaiua wenyewe" nani? Mapacha wangu walizaliwa njiti. Nilikata kadi mbili wakiwa wiki ya tatu, ndiyo, wakiwa wagonjwa, kwa sababu kabla ya hapo walikuwa tumboni. Unataka ningekata bima ya mtu ambaye hajazaliwa?

Takwimu Hazidanganyi
Sikukusema wewe.

Mama Mapacha
Umesema mzazi. Mimi ni mzazi.

Mkunga Mstaafu
Takwimu, hapo mwombe radhi. Njiti hawapangi tarehe.

Takwimu Hazidanganyi
Samahani dada. Ila bima ya watoto wagonjwa peke yao haiwezi kujiendesha, hilo silifuti.

Boda Kaliua
Mama mkunga, samahani kurudisha nyuma. Wale dada watatu mmoja namjua anapokaa. Nimwendee nimwambie nini?

Mkunga Mstaafu
Mwambie arudi kliniki, aseme majibu ya mwenzi yaliyoandikwa si ya mwenzi, arudie kupima. Hakuna atakayemfunga. Wewe usiingie, baki nje na pikipiki yako.

Fundi Mwanga
Wakuu, na lile pendekezo langu la risiti? Ukurasa wa nne huu, kura nimepata moja tu, na mwenyewe ni Mchokozi.

Mchokozi wa Temeke
Naiondoa. Nimesoma ya dripu.

Mama Mapacha
Fundi, nina swali moja kwako tuyamalize. Mtoto ana wiki mbili. Chanjo za wiki ya sita anampeleka nani?

Fundi Mwanga
Nitampeleka mimi. Kwani ni tarehe ngapi?

Mama Mapacha
Imeandikwa kwenye kadi yake.

Fundi Mwanga
Kadi anayo mama yake.