Nani "aligundua" Ziwa Tanganyika? Alama mbili zimetugawa Kigoma

Mtoa mada (Ujiji)

Wakuu, habari za jioni. Nimelileta hili hapa kwa sababu barazani limeshindikana. Tumemaliza birika mbili za kahawa na kashata zote, na bado watu wameondoka wakibishana.

Wiki iliyopita shule moja hapa mjini iliandaa chemsha bongo ya elimu ya jumla. Swali la saba: "Nani aligundua Ziwa Tanganyika, na mwaka gani?" Mpwa wangu wa kidato cha pili akajibu: "Wajiji na wavuvi wengine wa pembezoni mwa ziwa. Mwaka haujulikani." Karatasi ninayo hapa. Kosa limewekwa kwa kalamu nyekundu iliyokandamizwa mpaka karatasi ikatoboka. Pembeni pameandikwa: Burton na Speke, 1858. Alama mbili zimekwenda.

Mimi nasema arudishiwe. Burton na Speke, wale wapelelezi Waingereza, walifika Februari 1858 kwa njia ya misafara iliyozoeleka, kutoka pwani, kupitia Kaze, yaani Tabora ya leo. Ujiji walikuta soko lipo na wafanyabiashara wa pwani wameshajenga. Burton alikuwa hawezi kutembea, anabebwa. Speke macho yalikuwa yanamsumbua, ziwa akaliona kama ukungu tu! Mtu kaongozwa njia na wenyeji, kavushwa maji kwa mtumbwi wa wenyeji, hapo kagundua nini? Aliandika. Kuandika ni kazi, siibezi, lakini basi swali liseme kuandika.

Hata jina walilikuta. Burton alieleza kwamba limetokana na kitenzi chenye maana ya kuungana. Wengine wanaligawa tanga na nyika, na ubishi huo nao haujaisha. Livingstone alipofika ncha ya kusini mwaka 1867 aliambiwa panaitwa Liemba, akadhani ni ziwa jingine kabisa. Afadhali sisi, maana wenzetu wa Mwanza ziwa lao lilibandikwa jina la malkia. Na jina letu halikuishia majini: mwaka 1920 Waingereza wakaliita koloni zima Tanganyika, na silabi yake ya kwanza bado tunaitamka kila tukisema Tanzania.

Msahihishaji mstaafu (Mwanga)

Mtoa mada, naomba kutofautiana nawe kwa heshima. Chemsha bongo ina mwongozo wa usahihishaji, na mwongozo una jibu moja. Kijana akizoea majibu ya barazani, siku ya mtihani wa taifa utamfanyia wewe? Halafu mbona kwenye fizikia hamlii? Ukiulizwa nani aligundua kanuni ya Boyle, ile ya hewa kupungua ujazo kadiri inavyogandamizwa, unajibu Boyle, unapewa alama, unakaa. Au na hiyo waliigundua Wajiji?

Mtoa mada

Mzee wangu, shikamoo. Hapo kwa Boyle umenifungulia mlango mwenyewe. Boyle aliitoa kanuni hiyo mwaka 1662, na yeye mwenyewe aliwataja Towneley na Power waliotangulia kuufikiria uhusiano huo wa hewa na mgandamizo. Ukivuka kwenda Ufaransa, kanuni hiyohiyo ni ya Mariotte. Ile ya Charles, ya hewa kutanuka ikipata joto, ilichapishwa na Gay-Lussac mwaka 1802. Charles hakuwahi kuichapisha, ila mwenzake akawa muungwana akamtaja. Mwaka 1980 mtakwimu mmoja wa Marekani, Stigler, akaandika kabisa kwamba hakuna ugunduzi wa kisayansi unaobeba jina la aliyeanza. Kisha akasema hata kanuni yake hiyo mwenyewe ni ya mwanasosholojia Merton. Nilicheka peke yangu.

Mvuvi wa Kibirizi

Mbalamwezi imewaka, dagaa hawavuliki, ndiyo maana mnaniona hapa usiku huu. Mimi Boyle simjui. Ila funga chupa tupu ya maji ya kunywa, uiteremshe na jiwe mita kumi. Huko chini inabonyea, hewa iliyomo inabaki karibu nusu. Ukiipandisha inajaa tena. Hilo tulionyeshwa na baba zetu. Msichokijua ni kwamba ziwa hili linakwenda chini mita 1,470, linapitwa na Baikal tu duniani. Watoto wetu waulizwe hayo kwanza.

Mnyamwezi (Tabora)

Watu wa Kigoma mnapenda kubishana kuliko samaki wenu mgebuka. Sisi wazee wetu wanasema jina la mji limetokana na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na hatujagombana na mtu.

Ila nina swali kwa mtoa mada. Erasto Mpemba, Mtanzania mwenzetu, mwaka 1963 akiwa mwanafunzi aliona maziwa ya moto ya aiskrimu yameganda kabla ya ya baridi. Mwaka 1969 yeye na Osborne wakachapisha, na dunia nzima inasema "athari ya Mpemba". Aristotle alishaandika kwamba maji yaliyopashwa moto huwahi kuganda, karne nyingi kabla ya Mpemba. Na mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia majaribio, wakasema hawakuona ushahidi wa maana. Sasa, Mpemba tumnyang'anye jina kama unavyowanyang'anya Burton na Speke, au wetu hatuguswi?

Mtoa mada

Hapo umenikamata, sikatai. Nimelala nalo.

Nimeona hivi. Mpemba sitasema aligundua, nitasema aliuliza na akaendelea kuuliza mpaka jambo likachapishwa. Jina libaki. Na Burton na Speke wabaki kwenye karatasi, kwa maneno yao halisi: Wazungu wa kwanza kufika na kuliandika ziwa, 1858. Nimempelekea mwalimu mhusika asubuhi hii swali la saba limeandikwa upya: "Wazungu gani wawili walifika Ujiji mwaka 1858, na walimkuta nani?"

Amesoma, akacheka, akasema la mwakani litakuwa hilo. Alama mbili za mwaka huu amesema bado anafikiria. Mpwa wangu ameibandika karatasi ukutani, ile yenye tundu.