Mkoba wa kwapani: wa mitumba Kilombero au mpya wa dukani?

Binti_Njiro: Habari za jioni wadau. Nina mpaka Jumamosi. Kuna mikoba miwili ya kwapani, ule mtindo wa miaka ya 2000 uliorudi. Mmoja wa mitumba, soko la Kilombero hapa Arusha, elfu arobaini baada ya kupatana. Mwingine mpya, duka la mjini, elfu sitini na tano. Nichukue upi?

Fundi_Ngozi: Hapo hujasema kitu. Ngozi au rekisini, yaani ngozi bandia? Mkanda una urefu gani? Bitana umeigusa?

MamaKibo: Na usafiri wako ni boda au gari?

Binti_Njiro: Ni wa sendofu huko Moshi, halafu labda na kazini. Wa mitumba muuzaji kasema ni ngozi.

Fundi_Ngozi: Ulitaka aseme nini? Kunja kona ya mfuniko: ngozi hutoa vikunjo vidogo visivyolingana. Chungulia ukingo uliokatwa kwa ndani: ukiona nyuzinyuzi zilizovurugika ni ngozi, ukiona kitambaa kilichofumwa ni rekisini. Na rekisini ya zamani ni balaa. Tabaka lake la juu mara nyingi ni poliyurethani, aina ya plastiki ambayo unyevu wa hewa huivunja polepole hata mkoba ukiwa kabatini. Unatoka kwenye belo unang'aa. Unaubana kwapani, joto na jasho, unaanza kunata. Kisha unabanduka vigamba vyeusi, na vinahamia kwenye gauni. Ukipaka rangi ya viatu, rangi inashika gamba na kudondoka nalo. Fundi hana la kufanya, maana kinachooza ni tabaka lenyewe.

Kona_ya_Mitindo: Mnamtisha bure. Binti, umbo gani? "Kwapani" ni ukoo mzima, na nyumba za mitindo zina zake. Baguette ya Fendi ni ya 1997, kazi ya Silvia Venturini Fendi, mstatili mfupi unaobanwa kama mkate wa Kifaransa. Saddle ya Dior ni ya John Galliano, 1999, umbo la tandiko la farasi. Maria Grazia Chiuri aliirudisha 2018. Jackie ya Gucci imepinda kama mwezi mchanga, ikarudi 2020.

Binti_Njiro: Mstatili. Una kama C mbili mbele.

Kona_ya_Mitindo: C mbili ni za Chanel, sasa unachanganya nyumba mbili.

Mzee_wa_Belo: C mbili ni dalili ya mkoba wa zamani kabisa, wa 1955.

Kona_ya_Mitindo: Hapana mzee. Mkoba wa Chanel wa Februari 1955, uitwao 2.55, ulikuwa na kufuli la mstatili lisilo na herufi. Kufuli la C mbili liliwekwa na mbunifu wao Karl Lagerfeld miaka ya 1980. Na 2005, mkoba ulipotimiza miaka 50, akautoa tena ukiwa na kufuli lile la mwanzo.

MamaKibo: Mkimaliza historia, mwambieni anunue nailoni. Prada walirudisha zao za 2005 na watu wakazigombania. Vumbi la Arusha unafuta kwa kitambaa kibichi, basi.

Fundi_Ngozi: Geuza kwanza nailoni hiyo ndani nje. Ya zamani hupakwa utando nyuma, nao hubanduka.

Kona_ya_Mitindo: Tofauti kubwa ya toleo la zamani na jipya ni mkanda. Umbo limerudi, lakini watengenezaji wengi wameongeza mkanda mrefu wa kutoa na kuweka. Huo wa mitumba bila shaka una mkanda mfupi tu. Kwenye boda utaushikaje?

Fundi_Ngozi: Mkanda unaongezwa. Wa kuvaa msalaba kifuani ni kama sentimita 110 hadi 120, ngozi mbili za milimita 1.2 zilizobandikwa na kushonwa, matundu yaachane milimita 4. Ukiyakaribisha sana ngozi inachanika kama stempu. Shida ni pete za kushikia mkanda: kama zimeshikwa na bitana peke yake, zitang'oka. Lazima kipande cha ngozi kiingie ndani na ribiti mbili kila upande.

Mzee_wa_Belo: Pima vyuma kwa sumaku. Isiposhika, ni shaba ya njano, chukua.

Fundi_Ngozi: Si kweli. Zinki nayo haishiki sumaku, na kulabu ya zinki hukatika shingoni. Sumaku inakwambia tu kama ni chuma kitakachoota kutu.

Mzee_wa_Belo: Zinki utaijua kwa uzito.

Fundi_Ngozi: Ikishapakwa rangi ya dhahabu, kwa mkono huitambui. Kwaruza nyuma ya pete: kijivu ni zinki, njano ni shaba.

MamaKibo: Muuzaji gani atakuruhusu ukwaruze?

Binti_Njiro: Nimerudi sokoni leo. Ukingo una nyuzinyuzi, ila ndani kunanata na kuna harufu ya ukungu.

Fundi_Ngozi: Ngozi inaokolewa. Bitana ing'olewe yote, iwekwe ya pamba. Ukungu ufutwe kwa kitambaa kikavu nje ya nyumba, mkoba ukae kivulini kwenye upepo, usiuanike juani. Usipake mafuta ya kupikia.

MamaKibo: Na usiuhifadhi kwenye mfuko wa plastiki, hasa masika. Jaza magazeti ndani.

Kona_ya_Mitindo: Magazeti yanaacha wino kwenye bitana nyeupe.

MamaKibo: Nani kasema bitana ni nyeupe? Binti, ni rangi gani?